Mlango Uliogeuka Meza

Sogezeni viti karibu, wanangu, maana sauti yangu siku hizi haivuki upana wa kitanda, na mimi niliyezoea kunyamazisha darasa zima kwa kukohoa tu sina tena hata hicho kikohozi cha heshima. Futi, kifungua mimba wangu, wewe kaa hapa mezani. Najua hupendi kukaa kwenye meza hiyo, tangu uitengeneze unakula umesimama kama mtu anayesubiri gari, lakini leo mama ndiye anayepanga darasa, kwa hiyo kaa. Msasa, kitinda mimba wangu, keti upande wa pili, umtazame kaka yako. Na wewe mkamwana, mke wa Futi, usikimbilie jikoni. Katika wosia huu una fungu lako, na wala si la kuosha vikombe.

Jambo kubwa nililowaitia nalitaja mapema, kwa sababu ualimu ulinifundisha kwamba mtoto anayengoja kuitwa ubaoni hasikii somo. Futi, mwanangu, jambo lenyewe linakuhusu wewe. Vile vidonge vya maumivu vimekushika, na kabla sijafumba macho nataka kukusikia ukikubali kusaidiwa. Usijibu sasa. Usisimame pia. Nisikilize mpaka mwisho, kisha utanijibu kwa namna utakayoweza.

Daktari nilimwomba asinidanganye, naye hakunidanganya. Moyo wangu umechoka, na sina ugomvi nao, umefanya kazi bila likizo. Mtu aliyefundisha watoto wa watu kusoma, akaolewa na seremala aliyepiga mluzi huku akiranda mbao, akazaa wana wawili na wote wawili wapo hai wamekaa mbele yake, huyo akilalamika kwamba dunia ilimnyima, ni mwizi wa fadhila. Mimi naondoka na shukrani, na kama mtasikia uchungu kidogo katika maneno yangu, huo ni wa dawa, si wa moyo.

Mali si nyingi, basi tusiipigie ngoma. Karakana ya baba yenu ni yenu wote wawili, na atakayetaka kuigawa kwa kamba atakuwa amenizika mara ya pili. Nyumba hii mkae, mpokeane, wala msijenge ukuta katikati, maana nawajua, mkipewa tofali hamwezi kulitazama tu. Randa ya baba yenu ni ya Msasa, kwa kuwa ndiye aliyejifunza mluzi wake. Kengele yangu ndogo ya darasani, hii ninayoiliza siku hizi nikitaka maji, ni yako wewe mkamwana, na baadaye nitakwambia ni ya kazi gani. Nami meza hii nitaitolea neno mwishoni, lakini kwanza turudi kwenye ule mwaka ilipokuwa bado mlango.

Msasa, sikuaibishi. Wewe mwenyewe huisimulia hadithi hii kila wiki mbele ya watu usiowajua, sembuse mbele yetu tuliokuwa ndani yake.

Katika karakana ya baba yenu ulevi ulipata maficho mazuri kuliko popote. Kila kitu pale kilinuka, spiriti, vanishi, gundi, nguo zenu, hata mkate wenu wa mchana. Msasa alikuwa akirudi nyumbani ananuka, nami nikimwuliza ananijibu, "Mama, hii ni harufu ya kazi. Ungetaka ninukie marashi ungenipeleka nikauze maua." Tunacheka, tunapakua chakula. Alikuwa mcheshi tangu utotoni, na mcheshi akilewa watu husema tu kwamba leo amechangamka.

Kilichomfichua ni penseli. Nyinyi mnajua kwamba nilifundisha darasa la kwanza maisha yangu yote, na katika darasa la kwanza mtoto hafundishwi herufi kabla ya mstari. Nimetazama mistari ya watoto mpaka nikawa naisoma kama uso: huyu amekuja bila kula, huyu haoni ubao, huyu nyumbani kwao jana kulikuwa na ugomvi. Sasa asubuhi moja nilipeleka chai karakanani, nikaona mbao ambazo Msasa amezipima. Mistari yake ilitetemeka kama ya mtoto wa wiki ya kwanza. Akaenda nyuma ya rundo la mbao, akarudi anafuta mdomo, na mistari iliyofuata ikanyooka kama uzi. Nikasimama pale na birika mkononi. Siku zote nilidhani pombe ndiyo hutetemesha mkono. Sikujua kwamba hufika mahali mkono ukatetemeka kwa kuikosa. Nikaelewa kwamba mwanangu hanywi tena kwa starehe. Anakunywa ili aweze kushika penseli.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wakasema wahenga, nasi tukakimbilia kuziba. Tukakaa kikao, na kila familia hutibu kwa kile inachokijua. Mkulima angempeleka shambani, dereva angemsafirisha mbali. Sisi ni maseremala, tukatengeneza mlango. Tuliona kwamba akikaa chumbani bila kuiona chupa, kiu itakufa yenyewe. Futi, ulifanya kazi ile kwa mikono yako, ukachagua mbao nene, bawaba za chuma, komeo kwa nje. Nami nakushukuru mpaka leo kwa jambo moja ambalo huenda umelisahau. Uliupiga mlango ule msasa hata upande wa ndani, ukaulainisha kama kitanda cha mtoto, nikakuuliza wa nini ulaini wote huo, ukasema, "Asije akachomwa na kibanzi akiupiga." Huyo ndiye wewe. Hata ulipokosea, ulikosea kwa upendo.

Msasa aliingia kwa miguu yake, anacheka. "Kaka, umepima vizuri? Nisije nikatokea kwenye tundu la ufunguo."

"Ingia huko," ukamwambia. "Na tundu nimeliziba."

Kesho yake hakucheka tena. Alitoka jasho mpaka godoro likalowa, mwili mzima ukamtetemeka, akawa anaokota vitu visivyokuwepo kwenye blanketi, akamwamkia baba yenu aliyekuwa kaburini zamani, akamwambia maranda ya mbao yanatembea ukutani. Sisi tuko nje ya mlango tunaambiana ni pombe inatoka, mwacheni itoke. Kisha tukasikia kitanda kinagonga ukuta, tukafungua, tukakuta mgongo wake umejipinda, macho yamegeuka, povu mdomoni. Ni degedege.

Ngojeni kidogo. Mkamwana, nipe maji. Ahsante, mama.

Futi, wewe hukuridhika kufungua komeo. Uling'oa bawaba, ukaulaza mlango wenyewe chini, tukamweka mdogo wako juu yake kwa ubavu, ukashika upande wa kichwa, mafundi wenzako wakashika miguuni, mkatoka mbio. Mimi niliwafuata nimeshika viatu vyake, sijui hata viatu vya nini. Pale kwenye kona ya mitumba muuza nguo mmoja akapaza sauti, "Mafundi! Leo mnapeleka mlango pamoja na mwenye nyumba wake?" Kisha akaona uso wa Msasa. Akatupa mashati yake chini, akaja akashika pembe ya mlango, akaenda nasi mpaka hospitali bila kuuliza neno. Jina lake sikulijua, lakini katika dua zangu namwita Bwana wa Pembe ya Nne, na Mungu anamfahamu.

Hospitali tulipokewa na muuguzi mfupi, sauti ya chini, mtu asiyekimbia lakini kila mahali amefika. Akauliza, "Alikuwa akinywa kila siku? Na mara ya mwisho alikunywa lini?"

Futi ukasema, "Dada, nimemwua mdogo wangu."

"Anapumua, kaka, na anayepumua hajauawa. Nijibu nilichokuuliza."

Ukamjibu. Walipokwisha kumtuliza Msasa kwa dawa, muuguzi yule akavuta kiti akakaa nasi, akatufundisha kwa upole ambao mimi, mwalimu mzima, niliuonea wivu. Alisema mwili uliozoea pombe kila siku umejipanga upya kuizunguka, na ukiiondoa ghafla mwili huo unaweza kuporomoka, mtu akapata degedege, akaona mazimwi, hata akafa. Kwa hiyo mnywaji wa namna hiyo hafungiwi chumbani, huletwa akashushwa taratibu kwa dawa na macho ya watu wanaojua. Akasema, "Mama, huu ni ugonjwa. Una dalili zake, una tiba yake, na una watu wake wa kuushughulikia. Aibu mwenye ugonjwa huja nayo mwenyewe, msimwongezee." Sikuwahi kumlipa somo lile. Nalilipa leo kwa kulirudia kwenu.

Msidhani mambo yalinyooka siku hiyo. Walipompeleka kwenye kile chumba nyuma ya kliniki, wanakokaa wenzake wanaoacha pombe wakizungumza, Msasa alisimama mlangoni akasema, "Mimi si mlevi, mimi ni mnywaji." Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa lori akamsogezea kiti. "Karibu, kijana. Hapa sote tulikuwa wanywaji. Walevi hukaa chumba cha pili, ila hatujawahi kumwona hata mmoja." Wakacheka, naye akakaa. Baadaye alianguka, akarudi kwenye chupa, akaona haya kurudi kwa wenzake, tukamrudisha. Akaanguka tena, tukamrudisha tena. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Leo yeye ndiye anayewasogezea wageni viti, na kila asubuhi nikimwuliza umeamkaje ananijibu, "Salama, mama, na leo sijanywa." Msasa, wewe ni zawadi niliyopewa mara mbili, na ya pili ndiyo niliyoifungua taratibu, nikaitazama vizuri.

Mlango uliporudi nyumbani Futi alitaka kuuchoma moto. Msasa ndiye aliyemzuia, akamwambia, "Kaka, usinichomee gari langu la wagonjwa." Hapo Futi akautia miguu minne ukawa meza. Papasa ukingoni hapo, Futi, kwenye kiraka palipokuwa na komeo. Mdogo wako anakula juu yake kila siku, anaweka viwiko, anamwaga mchuzi, ameshasamehe zamani. Wewe peke yako ndiye unayeikwepa. Mwanangu, mimi kila nikiitazama meza hii sioni mlango uliomfungia. Naona mlango uliombeba, na wewe umeshika upande wa kichwa.

Sasa nimefika kwako.

Msumeno wa mashine ulipokukata mkono, maumivu yako yalikuwa ya kweli, na daktari alikupa vidonge kwa haki. Simlaumu, wala wewe sikulaumu. Lakini kidonda kimefunga, kovu limekauka, wewe bado unameza, na hukurudi tena kwa daktari yule. Unazunguka maduka ya dawa, ukijulikana katika duka hili unahamia lile. Mimi nimelala hapa, na mgonjwa wa kitandani ni kama mwalimu wa zamu, kazi yake kutazama. Unakaa na kikombe cha chai, kichwa kinakushuka kama mtoto kwenye somo la mchana, chai inamwagikia suruali nawe hushtuki. Unajikuna pua na shingo. Mboni za macho yako zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini hata chumba kikiwa na kiza. Na siku vidonge vinapokosekana unatoka jasho asubuhi ya baridi, unapiga miayo mfululizo, kamasi zinakutiririka, unamfokea mkeo kwa sababu ya kijiko. Nilikuuliza panapouma, ukanionyesha kiganja. Wiki iliyofuata nikakuuliza tena, ukanionyesha kiwiko. Baba, mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Tumbo linalouma siku ya hesabu nalijua.

Usiniambie kwamba ile ilikuwa pombe na hivi ni dawa ya dukani. Kamba ni kamba, hata ikisokotwa kwa hariri. Wala usiniambie kwamba wewe ndiye mkubwa, ndiye mshika karakana, utaacha mwenyewe Jumatatu. Mwenyewe umetangaza Jumatatu ngapi? Kinyozi hajinyoi, mwanangu, na seremala hawezi kujibeba juu ya mlango. Lazima wengine washike pembe.

Mkamwana, nakushukuru kwa kuniambia kweli nilipokuuliza, na Futi asikununie kwa hilo, kwani mficha maradhi, kifo humfichua. Kuanzia leo usiwaambie wateja kwamba ana malaria. Sema hayupo, amekwenda kutibiwa, basi. Uongo wa kumlinda mgonjwa huulinda ugonjwa. Na kengele yangu ni ya kazi hii: ukimkuta amelala na haamki kwa kuitwa wala kutikiswa, anapumua kwa shida au anakoroma kwa namna ya ajabu, midomo imebadilika rangi, usisubiri kupambazuke wala usione haya kwa majirani. Mlaze ubavu, piga kengele, ita watu, mkimbilieni hospitali, na mseme wazi alichomeza. Haya haijawahi kumfufua mtu.

Msasa, wewe nenda naye, kwa kuwa njia unaijua. Ila usimhubirie njiani. Zungumzeni mpira. Usimkumbushe mlango hata kwa utani, na akianguka akiwa amekwisha kuanza, usimhesabie, kama naye asivyokuhesabia wewe. Na nyote nawaonya, msije mkavimwaga vidonge chooni halafu mkamfungia ndani mkidhani ndiyo kumpenda. Somo lile tulishalilipia karo. Vipelekeni pamoja naye, wenye kazi yao wavione, wamshushe kidogo kidogo, na maumivu kama bado yapo watayatafutia njia nyingine.

Futi, sikuwekei sharti. Hata ukikataa, karakana ni yako nusu, nyumba ni yako, na mimi ni mama yako hai au mfu. Mtoto hapendwi kwa masharti kama anayekodishwa baiskeli. Nakuomba tu. Siku ile ulibeba, na wote tuliona. Leo nakuomba ukubali kubebwa, na uliyembeba ndiye huyo mbele yako, amenyoosha mkono, na mistari yake siku hizi haitetemeki.

Nani anavuta kiti? Usisimame, Futi...

Huo mlio naujua. Kikopo cha skurubu. Kumbe vidonge vilikuwa humo, mfukoni mwako, muda wote huu. Kiweke hapo, ndiyo, hapo kwenye kiraka. Ahsante, baba. Ahsante. Lia tu, meza hii imeshazoea maji. Msasa, mshike mkono. Huo wenye kovu.

Sasa nisikilizeni, pumzi inaniacha. Leo si siku ya kliniki? Basi nendeni. Sasa hivi, bado mapema. Msiniambie tungoje mama apate nafuu. Mama hapati nafuu, na maneno ya leo yakilala mpaka kesho yataamka yamechacha. Mkamwana atabaki nami. Mkirudi mkanikuta, mtanisimulia walivyowapokea. Mkirudi msinikute, msijilaumu hata kidogo, nimekwisha kusikia nilichokuwa nangojea, na nitakuwa nimeondoka ninyi mkiwa mahali nilipotaka muwe.

Jeneza langu mlitengeneze wenyewe. Futi apime... mdogo wake alainishe. Mbao nyepesi tu. Meza msiiguse. Meza ni yenu wawili, mle juu yake mkiwa mmekaa... wote mkiwa mmekaa, umenisikia, Futi?

Mungu awashike kama mlivyoshikana. Awape usingizi usio wa chupa wala wa kidonge. Kila mkikwama, awatumie mtu wa kushika pembe ya nne... na ninyi muwe watu hao kwa wengine. Nawashukuru, wanangu. Nawashukuru kwa kuzaliwa kwenu.

Haya. Viatu, vaeni viatu. Mkamwana, wakitoka usifunge. Acha mlango wazi... nataka nisikie nyayo zenu mpaka mwisho wa njia. Za wawili.